Wanawake Wanaokanyaga Ndizi

Asimwe mwanangu,

Tangu tumzike mama yako sijakuandikia; leo niko Bukoba na kikundi chake cha wanawake wa juisi ya ndizi. Wameniomba niwabebee mikungu ya ndizi mpaka kwenye maonyesho. Njiani wakasema juisi isipouzika leo wanakivunja kikundi, maana mama yako, mwenyekiti wao, hayupo tena.

Tulipofika wakatandaza ndizi na nyasi kwenye mtumbwi, lile gogo lililochongwa la kukamulia juisi. Mzee mmoja akacheka. "Kukanyaga ndizi ni kazi ya wanaume. Nyie mtatupa maji ya miguu."

Mama yako ndiye aliyewafundisha kukanyaga wenyewe, na angemjibu. Hawa wakanigeukia mimi. "Baba Asimwe, vua viatu, ukanyage wewe."

Nikasema, "Nikiingia humo, mwenzenu atafufuka anichape."

Wakacheka mpaka machozi. Mama Koku, yule rafiki mnene wa mama yako, akanawa miguu akaingia. "Mzee, kaa hapo na kikombe chako, usinichungulie miguu." Mzee amekunywa vikombe vitatu. Saa sita haijafika, juisi yote imeuzika.

Wamemchagua Mama Koku awaongoze. Nimelia kidogo, usimwambie mtu.

Mpakate mjukuu wangu. Kula vizuri upate maziwa. Kesho narudi kazini kubeba magunia.

Baba yako