Metre Sita Kutoka ku Njia

Lubumbashi, tarehe 14 mwezi wa tano 1974

Baba mupenzi,

Nakusalimia mingi, na mbele ya yote unijibu: unalala muzuri? Miguu haivimbi tena? Mimi niko muzima, ni baridi ya asubuhi tu inanisumbua nikienda kazini. Ku ofisi ningali napiga mashini. Kaburi la mama nililipalilia siku ya Mungu iliyopita, nikitoka kanisani.

Sasa habari ya parcelle yetu, kile kiwanja mulinunua pamoja na mama ku njia ya Kasapa mwaka mumoja mbele ya kufa kwake. Matofari yametosha. Nilipeleka ku ofisi ya urbanisme, bale ba kupanga muji, ile plan ya nyumba uliniachia ulipokwenda kukaa Pweto. Bakamutuma mupimaji wabo, Citoyen Mwenze, na kamba ya kupimia. Alipima, akakunja plan, akanirudishia. Ati ukuta wa nyumba lazima ukae metre sita kutoka ku njia, na metre tatu kila upande. Tena kila parcelle ya njia ile iache ndani yake nafasi ya motokari moja, sababu baprofesa na banafunzi ba universite banaacha motokari zabo mu njia, bisi zinakosa pa kupita. Na weye uliweka barza metre mbili tu kutoka ku njia.

Nilimwambia, "Citoyen, siye hatuna motokari."

Akajibu, "Citoyenne, nyumba inaishi miaka makumi munane. Motokari itakuja."

Basi, nisukume nyumba nyuma? Chumba chako kitabakia kikubwa vilevile. Sema ndiyo, nianze kujenga mbele ya mvua, kisha uje. Nimechoka kula peke yangu.

Binti yako,
Kasonde

*

Pweto, tarehe 9 mwezi wa sita 1974

Kasonde mutoto yangu,

Barua imefika na kamyo ya Gérard, ile lori ya samaki wa kukauka. Nimeshukuru kusikia uko muzima. Mimi pia niko, Mungu anasaidia. Upepo wa ziwa ni mukali mwezi huu.

Kuhusu nyumba: hapana. Plan nilichora mimi, fundi wa mbao wa reli kwa miaka makumi mbili na munane, na nilijua nafanya nini. Barza ikae metre mbili. Nyumba ya kukaa kule nyuma iko sawa muntu anayejificha bageni. Mwambie huyo Citoyen apime za wengine.

Kama barza haiko karibu na njia, mimi sitakuja. Nitabakia huku.

Baba yako,
Mukuka

*

Lubumbashi, tarehe 30 mwezi wa sita 1974

Baba,

Salamu. Niko muzima, lakini barua yako ilinikatisha usingizi.

Kwanza, ule mwandiko si wako. Herufi zako zinalala upande wa kuume kama bantu mu upepo. Hizi zimesimama wima sawa za mwalimu. Nani anakuandikia? Mukono una nini?

Pili, Citoyen Mwenze amesema nikijenga kwa metre mbili, batabomoa. Jirani yetu wa chini balimubomolea sebule mwezi uliopita, nilimuona akiokota vyombo vyake mu vumbi. Weye mwenyewe ulinifundisha kufuata kamba. Juu ya nini unagombana na mimi kwa metre nne? Kama hutaki kuishi na mimi, sema vile, nisikie.

Sitajenga kitu mpaka unijibu.

Kasonde

*

Pweto, tarehe 20 mwezi wa kumi 1974

Mutoto yangu,

Samehe miezi mine ya kunyamaza. Ninatumaini mwili wako ni muzima kuliko roho yangu. Anayeandika ni katekista Chomba. Nimemuomba aandike yote ninayosema, hata ile inanipa haya.

Macho yangu yameisha. La kushoto lilitangulia, mwaka ule nilitoka Lubumbashi. La kuume lilifuata polepole, na tangu Pasaka naona mwangaza tu, sawa muntu nyuma ya pazia. Sista wa dispansari alisema hakuna dawa. Sikutaka uache kazi yako kuja kunishika mukono.

Sasa usikie habari ya barza. Muntu akipita metre mbili na mimi, namujua. Nasikia sauti yake, viatu vyake, hata pumzi yake kama amebeba muzigo. Namusalimia kwa jina, ananijibu, siku inaenda. Akipita mbali, kwangu iko makelele tu. Ukiniweka metre sita nyuma utakuwa umeniweka mu kabati.

Haiko sababu sitaki kuishi na weye. Kila jioni namuuliza Chomba kama kamyo ya Gérard imeingia.

Baba yako

*

Lubumbashi, tarehe 12 mwezi wa kumi na mbili 1974

Baba yangu,

Nakusalimia na machozi. Pole. Usinifiche kitu tena, hata kidogo.

Nilirudi kwa Citoyen Mwenze na barua yako. Nilimusomea pale mbele ya meza yake. Akafungua kitabu cha sheria, akakisoma mara mbili na kidole.

Akasema, "Ukuta, hapana. Paa, hapana. Lakini nafasi ya motokari inakaa palepale ku njia, na unaweza kumwanga simenti."

"Na nikiweka kiti juu yake?"

"Sheria inataka nafasi iwe pale. Mimi sitakuja kuuliza nini imeegeshwa."

Basi nimejenga. Nyumba iko metre sita nyuma, imefikia madirisha. Mbele, kandokando ya njia, kuna sakafu ya simenti, metre tano kwa tatu, laini sawa ya kanisa. Kutoka ku mulango nimeweka mustari wa matofari uufuate na fimbo. Mvua ikikatika, panda na Gérard. Nimekwisha kuongea naye, atakuweka mbele pamoja na dereva.

Nakungojea.
Kasonde

*

Lubumbashi, tarehe 7 mwezi wa tisa 1975

Baba,

Salamu kutoka nyumba yako. Gérard aliniambia ulifika Pweto salama, ulikula muzuri mu njia. Asante Mungu.

Leo ni majuma matatu tangu uende, na ningali sijui kwa nini. Miezi mine na nusu ulikaa pale ku simenti kila siku. Ulijua banafunzi kuliko profesa wabo. Yule Alexis wa kuburuta viatu aliachaga masomo ili akusomee gazeti. Nilikusikia ukicheka, baba, sikukusikia ukicheka tangu mama afe. Kisha jioni moja ulisema, "Nipeleke kwa Gérard." Nikauliza nani amekukosea. Ukasema hakuna.

Ni mimi? Ni chakula? Ni vile narudi kazini nimechelewa? Nikitoka ku bisi jioni, macho yananitangulia pale ku simenti, kisha nakumbuka.

Niambie, baba. Hata kama ni neno baya.

Kasonde

*

Pweto, tarehe 3 mwezi wa kumi 1975

Kasonde wangu,

Chomba anakusalimia, na mimi zaidi. Natembea, nakula, nasikia muzuri. Kusikia ndiko kulinifukuza kwako. Weye haukukosa kitu.

Unakumbuka mama yako alikuwa anarudi kutoka soko kwa njia ile. Miaka kumi na moja nilimungojea pale, tulipokuwa tungali tunalipa kodi ya nyumba ya upande wa pili wa njia. Ndiyo sababu alitaka ile parcelle. Mimi nilipokuomba barza karibu, nilifikiri nataka kusikia bantu. Nilikaa, nilibasikia bote, na nilifurahi. Lakini jua likishuka, masikio yangu yaliacha bantu, yalianza kumutafuta. Mimi najua amekufa, nilimuzika na mikono hii. Masikio hayakuwa mu maziko.

Ile jioni ya mwisho, mama mumoja alipita na muzigo ku kichwa. Kata-kata ya sandali, kisha kusimama kidogo kupumua, kisha kata-kata. Mwendo wake kabisa. Nikaita, "Mama Kasonde."

Akasimama. Akasema polepole, "Hapana, baba. Mimi mama Chileshe."

Akatua muzigo wake, akakaa chini ku simenti kando yangu. Hakuniuliza kitu. Tulikaa vile mpaka bisi yako ilisikika kule mbali, akainuka, akaenda zake.

Nikaona nikibakia pale nitaita kila mama wa Lubumbashi, na weye utanisikia. Huku Pweto mama yako hakuishi, hakuna njia anayoweza kunijia.

Ukipata ruhusa ya Noeli, uje kwangu. Na mbele ya hapo nifanyie kazi moja. Jioni, ukiona mama wa sandali anapita na anaangalia ku simenti, mwambie muzee hakuwa na wazimu. Alikuwa anaita muke wake.

Baba yako