Betri Yenye Tarehe

Jumatatu, 8 Septemba

Siku ya nne Changamwe, karakana ya Bwana Salim. Kila waya nimeufunga kikaratasi chenye namba. Hii mashine ya kukereza ni kuukuu, lakini chuma chake kizima. Kilichochoka ni kompyuta yake tu. Naitoa, naweka mpya. Malori ya mafuta yanapita nje na sakafu inatetemeka.

Mzee Charo ameiendesha miaka ishirini na kitu. Vipimo vya kila shafti na kila bushi aliyokereza amevihifadhi humo kwenye kompyuta, na vinashikiliwa na betri moja ndogo. "Usiitoe betri mashine ikiwa imezimwa, mwanangu. Vitapotea vyote." Nikamwambia nimesikia. Kesho nianze kwa kuvinakili.

Jumanne, 9 Septemba

Nimeitoa.

Umeme ulikatika saa nne, kabla sijanakili chochote. Nikaona nisikae bure, nipanguse vumbi kwenye kabati la nyaya la mashine. Betri ilinizuia kufika nyuma. Nikaichomoa. Umeme uliporudi, skrini tupu. Kazi yote ya mzee, hakuna hata mstari.

Yeye alikuwa amekwenda kunywa chai. Kwenye sanduku langu mlikuwa na betri ya aina ile ile, imekufa, niliitoa kwenye mashine nyingine mwezi uliopita. Nikaipachika. Yake nikaitia mfukoni. Sikufikiri hata kidogo, na bado nilifanya kwa ustadi.

Jumatano, 10 Septemba

Mzee alikifungua kifuniko cha betri mwenyewe, Bwana Salim amesimama nyuma yake. Akaitazama betri. Akaigeuza. "Mimi huibandika karatasi, naandika tarehe. Kila Januari."

Haikuwa na karatasi. Karatasi ilikuwa mfukoni mwangu, na betri yake.

"Mzee, hii imekufa kitambo," Bwana Salim akasema, kwa upole. Mzee aliinama akatafuta sakafuni, chini ya mashine, kwenye ndoo ya vyuma chakavu. Nilishika bisibisi nikajifanya nakaza skrubu. Mwoga mkubwa mimi.

Ijumaa, 12 Septemba

Jana mzee hakuja. Leo kaletwa na bintiye, Dama, kwa sababu hataki tena kutembea peke yake. Dama alinivuta kando. Je, kazini nako baba anasahau? Nyumbani amekataa kuwasha jiko. Funguo zake amemkabidhi Dama. Wiki ijayo wanaenda kwa daktari wa mambo ya kichwa.

Nilimjibu kwamba sijaona kitu. Ndilo neno la kweli pekee nililosema wiki hii, na hata hilo nililitumia kujificha.

Bwana Salim anasema mashine ikishapata kompyuta mpya ataiendesha mtu mwingine, mzee apumzike. Mzee kakubali papo hapo. Angebisha ningelala usingizi. Kakubali, akaniambia, "Umri, mwanangu. Wewe usijali."

Jumapili, 14 Septemba

Kanisani nilikaa nyuma. Sikwenda kushiriki meza ya Bwana. Nyumbani kwangu, mtaa wa Junda, nimeipima ile betri. Nzima kabisa. Karatasi yake imeandikwa kwa kalamu nyeusi: CHARO, 14 JANUARI, na mwaka ni huu huu. Mwandiko umenyooka.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimesema. Mzee na Bwana Salim wote wakiwapo. Niliiweka betri mezani nikaeleza kila kitu, hata ile iliyokufa niliitoa wapi.

Mzee aliisoma karatasi. "Kumbe niliibadilisha."

"Uliibadilisha, mzee."

"Mwaka huu?"

"Mwaka huu."

Akavuta stuli akaketi. Akaomba simu, akampigia Dama, akamwambia amrudishie funguo zake. Kisha akaniuliza kitu kimoja tu: "Uliniona nikiitafuta?"

Nilimwona. Nikamwambia hivyo.

Bwana Salim akasema, "Wallahi, dada, mimi ningekusamehe mashine. Hili la mzee, hapana." Nimalize kazi, halafu asinione tena hapa. Sina la kubisha. Nilidhani nitapumua. Sijapumua.

Jumatano, 24 Septemba

Mashine inafanya kazi. Ataiendesha Mzee Charo.

Siku tano tumekaa pamoja tukirudisha vipimo. Yeye anataja, mimi naandika. Mwanzoni alipima sampuli za zamani kwanza. Kufikia jana alikuwa anataja kutoka kichwani, halafu anapima kuhakikisha. Hakukosea hata kimoja. Kila kilipolingana alinisogezea kile chuma nijionee. Nakala tumeweka tatu.

Leo alikereza bushi ya kwanza. Nikafunga sanduku langu. Akanipa kipande cha karatasi na ile kalamu nyeusi. "Andika tarehe. Na jina lako."

Nikaandika. Akakisoma, akakibandika mwenyewe ndani ya mlango wa kabati la mashine, chini ya kile chake alichokibandua kwenye betri.

Tangu nilipokiri namwamkia shikamoo kila asubuhi. Hajaitikia bado. Leo pia nilimwamkia.