Chumba Tumeviachia Vitunguu

Jumapili, usiku

Na sijutii hata kidogo.

Leo chumba cha shule ya Jumapili kilijaa magunia ya vitunguu, sadaka ya mavuno kutoka Mang'ola. Mahubiri yalipokaribia, mzee wa kanisa akaninong'oneza, "Mwalimu, watoe watoto, wakakae nje."

Nje kwenye vumbi lile! Nikakataa. Nikamketisha kila mtoto humo kanisani, kando ya mtu mzima. Mdogo kuliko wote nikampa mke wa mzee mwenyewe, akampakata.

Katikati ya mahubiri mtoto mmoja akauliza kwa sauti, "Zakayo alishukaje mtini?" Kanisa zima likacheka, waliosinzia wakaamka. Mchungaji akamjibu.

Naogopa wataninyang'anya darasa. Lakini...

Tulipotoka, mzee alinifokea, "Jumapili ijayo chumba kitakuwa wazi!"

"Viacheni tu vitunguu humo, mzee. Watoto wameshapata pa kukaa."