Sasa Ruksa Kumwita Injinia

Jumatano, Mbalizi.

Basi jela siendi tena. Mjukuu wangu Neema alipomaliza chuo cha uhandisi nilimtangaza soko zima: injinia wangu huyo. Akanikataza. "Babu, subiri bodi ya wahandisi inisajili. Kabla ya hapo kujiita injinia ni kosa kisheria."

Nikaendelea, ila kwa sauti ya chini kidogo.

Moyoni niliogopa. Mimi niliishia darasa la nne, sina cha kupoteza. Wangemkataa, domo langu lingemwaibisha yeye.

Leo mchana kapiga simu kutoka Iringa, anakosimamia ujenzi wa barabara.

"Babu, nimesajiliwa. Haya, niite."

Nikafungua mdomo, sauti ikagoma.

"Babu, upo?"

Nikamwambia mtandao wa huku mbovu.