Upawa Niliouinua Juu ya Kulwa

Nyarugusu, siku ya pili tangu mvua ikatike

Kaka yangu Bonifasi,

Shikamoo. Naiandika shikamoo hii polepole, nikikuona ulivyokaa mbele ya kanisa la kigango, miwani imeshuka puani, unaandaa mafundisho ya watoto wa komunyo ya kwanza. Mgongo unaendeleaje? Wifi naye, yale macho yameacha kumtoka machozi? Mimi huku ni mzima, ila vumbi la makarasha, hizi mashine za kusagia mawe, linanikohoza jua likiwa kali.

Ningepiga simu, lakini nimeshapiga mara nne hukupokea. Hata ungepokea, wewe huweka sauti kubwa hapo barazani, mtaa mzima ukasikia. Basi nampa barua hii mama wa mpunga anayerudi Maganzo. Najua kwa nini umeninyamazia. Umeambiwa kwamba mdogo wako, mtoto wa katekista na dada wa katekista, amejifanya padre huku machimboni. Kaka, nisikilize mpaka mwisho, halafu ndipo ukasirike vizuri.

Ilikuwa saa saba mchana, watu wamejaa kwenye kibanda changu wakisubiri wali. Kulwa ni fundi wa matimba, zile nguzo za miti zinazoshikilia kuta za shimo, na siku hiyo shimo lilititia yeye akiwa ndani. Wenzake walimtoa wakamlaza kwenye benchi la wateja wangu, gari likiwa bado linatafutwa. Mguu sikuutazama mara mbili.

"Mayu," akaniita mama kwa Kisukuma, si unajua ni mwenzetu, "niitie padre."

Nikapiga simu parokiani. Padre yuko kigango cha mbali na mto umejaa.

"Haji?"

"Anakuja, Kulwa."

"Unanidanganya. Wewe ndiye unayetusomea Jumapili. Nisikilize wewe."

"Mimi si padre."

"Najua wewe ni mama wa maharage. Nisikilize."

Nikamsikiliza. Aliyoniambia sitayaandika hapa, hilo angalau nimelitunza kama padre. Nikamwongoza Sala ya Kutubu, neno kwa neno, kama baba alivyotufundisha, kwamba mtu akijuta kwa moyo wote, akamtamani padre asimpate, Mungu hamwachi. Hapo ningekoma. Lakini alinishika gauni.

"Sasa niambie."

"Nikuambie nini?"

"Lile neno lao wanalosema."

Kaka, niliinua mkono. Nikamwambia amesamehewa, nikachora msalaba hewani juu yake, na mkononi nilikuwa bado nimeshika upawa. Tone la mchuzi likamdondokea kifuani. Gari likaja, wakamchukua, nami nikarudi kupakua nikijua nimemuaga marehemu.

Kumbe hakufa! Alirudi baada ya miezi miwili, anachechemea na fimbo yake, anamsimulia kila mtu kwamba Mama Neema alimfungulia mbingu kwa upawa. Tangu hapo jina langu ni Padre wa Upawa. Wachimbaji wakija kula wanasema, "Mama, wali maharage, na kunisamehe kidogo." Nacheka nao. Lakini siku moja alikuja mama mmoja anayeosha marudio, yale mabaki ya mawe yaliyosagwa, kule mwaloni kwenye maji, hakuagiza chakula, akapiga magoti palepale kwenye majivu akaanza kulia. Nikamwinua, nikamwambia amsubiri padre. Akaniuliza, "Padre wa mwezi gani?" Akaenda zake.

Kuanzia siku hiyo sikucheka tena. Padre alipokuja sikupanga mstari wa komunyo, alipokuja tena sikupanga. Watu wakaona. Wakaanza kunong'ona kwamba nitaondolewa kwenye uongozi wa jumuiya, na wewe ukaacha kupokea simu. Nikajiona nimefungiwa nje pande zote mbili.

Jirani yangu Mama Rehema, mlokole anayeuza nyanya, ndiye aliyefurahi. Tunachambua maharage pamoja kila asubuhi, na Biblia yake ameipigia mistari kwa kalamu nyekundu mpaka inafanana na daftari la mwanafunzi aliyefeli.

"Umeona sasa?" akaniambia. "Mungu amejibu bila mtu wa kanzu. Mpatanishi ni mmoja tu, Timotheo kaandikiwa. Ninyi mna Petro, sisi tuna Yesu."

"Na Petro alikuwa na nani?"

"Funguo anazo Yesu."

"Akampa nani? Soma Mathayo kumi na sita."

"Nimesoma. Haya, geuza karatasi, njoo kumi na nane. Hayo ya kufunga na kufungua, hapo kaambiwa Petro peke yake?"

Nikageuza. Hakuambiwa Petro peke yake, waliambiwa wanafunzi. Nikatoa jiwe kwenye maharage.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma kama mtu aliyepoteza kitu ndani ya nyumba. Kwa Yohana, Bwana anawapulizia wanafunzi pumzi na kuwapa hilo la kusamehe. Kwa Yakobo, mgonjwa awaite wazee wa kanisa, na mstari kidogo mbele watu waungamiane wao kwa wao. Kanisa letu linatufundisha kwamba mamlaka hiyo imepita kwa kuwekewa mikono, toka kwa mitume hadi kwa maaskofu, hadi kwa padre wetu na pikipiki yake iliyochakaa. Hilo nalo nimelikuta, Paulo anamkumbusha Timotheo kipaji alichopewa alipowekewa mikono. Mimi hakuna aliyeniwekea mikono kichwani isipokuwa mama alipokuwa akinisuka. Basi nikisoma huku namwona padre, nikisoma kule namwona Kulwa kwenye benchi, na wote wawili wananitazama.

Mama Rehema anataka nihamie kwao, wanibatize upya bwawani. Siwezi, kaka. Si kwamba nimemshinda kwa mistari, maana hajashindwa. Ni kwamba nikifumba macho, midomo inaenda yenyewe kwenye Salamu Maria, na nyuma yake nasikia sauti ya baba akikohoa mwisho wa kila fumbo la rozari.

Mchana wateja wakiisha huwa nasinzia kwenye gunia la mkaa. Makarasha yanasaga mawe, yanasaga, na katika usingizi ule sauti yao inageuka litania: utuombee, utuombee. Vumbi linakuwa jeupe kama unga. Humo namwona baba akija, ufunguo wa kigango unaning'inia shingoni kwa ile kamba yake nyekundu. Nyuma yake yupo bibi Nyanzala, yule wa macho mekundu kwa moshi wa jikoni, ambaye watu walimwita mchawi, na amelowa chapachapa.

Wewe unaikumbuka siku ile, ulikuwepo. Baba alikwenda shamba akaniachia ufunguo, akaniambia nisimfungulie mtu. Mvua ikaja na bibi Nyanzala akaja, akaomba akae ndani ya kanisa. Nikakataa, nimeushika ufunguo kwa mikono miwili, najiona mwaminifu. Akakaa kwenye ngazi akanyeshewa. Baba aliporudi hakunipiga. Alifungua, akamwingiza, akamfunika koti lake, kisha akaniambia, "Nilikuachia ufunguo, sikukuachia kufuli."

Mvua zilipopungua padre akaja. Nikapiga magoti kwenye kanisa letu la turubai nikamweleza yote.

"Uliinua mkono?"

"Niliinua, Padre."

"Mtupu?"

"Nilikuwa na upawa, Padre."

Akaziba mdomo kwa stola yake, mabega yanatikisika. Halafu akatulia. "Mama, kumwambia mtu anayekufa kwamba Mungu ana huruma, hilo ni la kila aliyebatizwa. Ule mkono wa kuondolea dhambi hukupewa. Usiuinue tena."

"Ndiyo, Padre. Na yule mama aliyekuja akilia? Nimwambie asubiri mwezi gani?"

Kaka, aliitazama pikipiki yake pale nje. "Hilo," akasema, "ni la kwangu kuungama, si la kwako." Kisha akanipa kitubio: nimlete Kulwa.

Nikamkuta Kulwa anachonga nguzo. "Nimesamehewa mara moja nikapona," akasema. "Mkinisamehe tena si mguu utakatika kabisa?"

"Kulwa, mimi sikuwa na uwezo ule."

"Nani kakuambia?"

"Twende."

Akaweka shoka chini. "Naenda kwa ajili yako, mayu. Mimi sina deni."

Akaingia kwa padre, nami nikakaa nje kwenye gogo. Yule mama wa marudio naye alikuwa ameshafika, nimemfuata mwenyewe mwaloni, akakaa pembeni yangu, tumeshikana mikono kama watoto wa shule. Kulwa alikaa ndani muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Akatoka anachechemea, macho mekundu, akaketi bila kunitazama.

"Kasemaje?" nikauliza.

"Kasema yaleyale uliyosema wewe."

"Yaleyale?"

"Yaleyale. Ila wewe ulikuwa unalia."

Misa ilipofika nilipanga mstari. Mwili wa Bwana ulikuwa mwepesi ulimini kama ganda la karanga, na nikawa kama nakuona wewe mbele yangu kwenye mstari uleule, umevaa shati la baba.

Msalimie wifi, mwambie michembe ya viazi aliyotuma wachimbaji wameimaliza yote. Msalimie shangazi yetu mkubwa anayelinda mifugo na kulinda maneno ya watu, mwambie aliyoyasikia ni kweli, upawa ulikuwepo. Wabariki wanao kwa niaba yangu, hilo mimi na wewe tunaruhusiwa.

Ufunguo wa kigango sasa unaning'inia shingoni kwako, kaka. Mimi niko hapa kwenye ngazi. Nitapiga tena Jumapili baada ya ibada. Pokea, hata kama ni kunigombeza.

Mdogo wako wa ziwa moja,
Veronika, Mama Neema