Swali Ambalo Barasa Hakulifundisha

Kaka Nyongesa,

Ninakuandikia nikiwa jikoni hapa Kitale. Kuku yuko motoni. Mdogo wetu Simiyu amelala katika chumba kilichokuwa chako, na pazia limefungwa kwa sababu mwanga unamuumiza macho. Nikisikia kitanda kikilia naacha kalamu nisikilize. Kikinyamaza, nasikiliza zaidi.

Unakumbuka kule Kabuchai, mwaka baba alipotuacha? Mama alichinja jogoo, akakuwekea firigisi peke yake kwenye kisahani. Firigisi ni ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba sasa ulikuwa wewe, kijana wa shule mwenye kaptula iliyochanika. Ulimshukuru mama vizuri mbele ya wageni, kisha ukaja jikoni umeificha kiganjani. Uliikata vipande vitatu kwa kisu cha viazi. "Nafula, tafuna haraka," uliniambia. "Wazee wakisikia msichana amekula firigisi, watanirudisha utotoni." Simiyu alicheka na kipande mdomoni karibu kimpalie. Mama alituona, mimi najua alituona. Aligeuka akapuliza moto uliokuwa unawaka vizuri.

Toka siku hiyo, kila kuku wa nyumba yetu alikuwa na firigisi ya vipande vitatu. Hatukumwambia mtu.

Ulipopata kazi ya mashine ya kusaga mahindi hapa mjini, ulituleta mimi na Simiyu tuishi nawe. Ijumaa ulirudi na unga kwenye nyusi, na Jumamosi ulikuwa wa raga. Barasa ndiye aliyekuingiza timuni. Nyinyi mlikuwa bakoki, mliotahiriwa mwaka mmoja, mkapakwa matope asubuhi moja kwenye mto mmoja, mkasimama mbele ya kisu bila kupepesa jicho. Kwetu mtu hamwachi bakoki wake akiaibika, na Barasa alilishika neno hilo hata uwanjani.

Nesi wa timu alikuwa na sheria yake. Mchezaji akigongwa kichwa, anamuuliza maswali. Leo ni siku gani? Mnacheza na nani? Nani anaongoza? Akikosea, anatoka. Kwa hiyo Ijumaa jioni Barasa alikuja kwetu, akanywa chai, akakufundisha majibu kama katekisimu.

"Leo?"

"Jumamosi."

"Na nani?"

"Na Bungoma."

"Nani anaongoza?"

"Ngoja wewe uninong'oneze."

"Sawa sawa. Ukilala chini mimi ndio nitakuinua, na nikikuinua nitakwambia. Lakini jibu mbio, bana. Usifikirie. Ukifikiria, watakutoa."

Mlicheka. Simiyu naye alicheka, na kabla mvua za mwaka ule hazijaisha alikuwa anayajua majibu yote kuliko wewe. Hakuna aliyeona ubaya. Ilikuwa kama kumshika mwenzako mkono asianguke.

Jumamosi moja niliona ukigongwa na goti la mtu, ukalala kama gunia. Barasa alikuinua. Nesi aliuliza, ukajibu yote, watu wakapiga makofi. Jioni ile uliniuliza kama mechi imeshaanza.

Baadaye ulianza kusahau ulikoweka funguo. Halafu jina la jirani yetu wa maziwa, ukawa unamwita "mama" tu, na yeye akadhani ni heshima. Kuna asubuhi ulilia kwa sababu sukari imeisha, wewe ambaye hukulia mbele ya kisu. Kuna jioni ulirusha sahani ukutani, ukaenda nje, ukarudi, ukainama kuokota vipande pamoja nami. "Nani amevunja sahani, Nafula?" uliuliza kwa upole kabisa. Nikakwambia imeanguka. Daktari alitueleza kwamba kichwa kikigongwa tena kabla hakijapona, akili inachoka, na hata moyo wa mtu unaweza kubadilika. Ulimwitikia kwa adabu, na tulipotoka mlangoni ukaniuliza tumekuja kumwona nani.

Waliokuwepo barabarani siku lori lilipokuchukua walisema dereva alipiga honi. Walisema ulisimama katikati, uso wako kama wa mtu anayetafuta neno. Kaka, hilo neno nimelitafuta pia.

Kaburini Barasa alishika koleo mwenyewe, akakufukia. Sasa ndiye kocha. Simiyu alimfuata timuni, na sikuweza kumzuia, maana anakimbia kama wewe na anacheka kama wewe.

Jumamosi iliyopita walicheza na Bungoma. Ilisemekana kuna watu wa Nairobi wamekuja kutafuta wachezaji, na Simiyu hakuwa amelala vizuri wiki nzima. Asubuhi aliniambia, "Niaje dada, mbona uso hivyo? Si unajua mimi ni chuma?" Nikamwambia chuma huingia kutu. "Haya basi, mimi ni sufuria, haishiki kutu," akasema, akaondoka anacheka.

Nilisimama karibu na mstari. Kipindi cha pili alimkabili jamaa mmoja mkubwa, kichwa chake kikagonga nyonga ya yule mtu. Nilisikia mlio. Nilikuwa nimeshausikia zamani. Kijana mmoja wa timu alimwinua, nikaona midomo yake ikienda sikioni mwa Simiyu. Kumbe wanafundishana mpaka leo.

Nesi aliuliza. Simiyu akajibu: Jumamosi, Bungoma, sisi tunaongoza. Mbio, bila kufikiria. Nesi akamgeukia refa kumwambia yuko sawa.

Sijui miguu yangu ilivukaje ule mstari. Watu walianza: "Mama, toka! Hapa si jikoni!" Mwingine akasema, "Mpeni na yeye jezi!" Barasa alinijia mbio. "Nafula, tafadhali. Wale wa Nairobi wanaangalia. Leo ndio siku ya huyu kijana."

Nikamwambia, "Niache nimuulize moja tu. Akijibu, naondoka."

Nilimshika Simiyu mashavu. Macho yake yalikuwa yananipita. Nikamuuliza polepole, "Simiyu, Nyongesa alikuwa anaifanya nini firigisi?"

Kaka, nilimwomba Mungu kijana ajibu, hata kama jibu lingemrudisha uwanjani.

Akasema, "Jumamosi. Tunacheza na Bungoma. Sisi tunaongoza."

Barasa alikuwa nyuma yangu. Nilimsikia akivuta pumzi. Alipiga magoti kwenye nyasi, akaanza kumfungua Simiyu kamba za viatu, nazo zikamshinda. Simiyu alimsukuma. "Ati unanitoa? Kocha, niko poa! Dada, umeniaibisha!" Alilia kwa sauti uwanja mzima ukisikia, na bado Barasa aliendelea na kamba. Alipomaliza aliukumbatia mguu wa ndugu yetu, akasema, "Nyongesa nilimwinua kila mara, Nafula. Kila mara nilimwinua." Niliweka tu mkono begani kwake.

Wale wa Nairobi walichukua mtu mwingine.

Hospitalini wamesema apumzike gizani, asikimbie, asisome, na tungoje. Anatapika kidogo. Jana alinifokea kwa sababu nilifungua mlango, halafu akaniomba msamaha akilia, nami nikatoka haraka asione uso wangu, maana nilikuwa nimeshawahi kuyaona hayo katika chumba hicho hicho. Sijamwuliza tena lile swali. Naogopa. Kama hana jibu, sitaki kulijua hilo kwa mdomo wake. Mama anapiga simu kutoka Kabuchai, namwambia kijana amechoka tu.

Leo nimechinja. Nimeiosha firigisi, nimeichemsha, nimeiweka kwenye kibao pamoja na kile kisu cha viazi. Nimeamua kutosema kitu.

Kitanda kimelia. Anakuja, nasikia mkono wake ukipapasa ukuta.

Sasa nimerudi kwenye kalamu. Aliingia akaketi kwenye kigoda, akikinga macho. Aliuliza kama chai ipo, nikammiminia. Kisha akakitazama kibao mpaka chai ikaacha kutoa moshi. Nilikuwa nimegeukia moto, nikaupuliza ingawa ulikuwa unawaka vizuri. Nikasikia kisu.

"Dada," alisema, "tafuna haraka."

Nilipogeuka alikuwa amekata vipande vitatu. Kimoja mdomoni mwake, kimoja amenishikia. Cha tatu amekiacha kwenye kibao.

Nimekifunika na kisahani, kaka. Ni chako. Pumzika, mimi niko macho huku.

Dada yako, na wa Simiyu,
Nafula