Picha ya Ishirini na Tatu

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepunguza maumivu na sasa unapanda ngazi za kwenu bila kumlaani aliyezijenga. Msalimie shemeji, mwambie kitabu chake bado ninacho, na nikimaliza kubishana nacho pembeni mwa kurasa nitakirudisha. Wanao ni watu wazima na hawana haja ya salamu zangu, lakini wape. Huku mke wangu hajambo. Mimi mwili hauna neno. Yaliyobaki ndiyo yaliyonikalisha mezani.

Barua yako ya mwezi uliopita niliipata, nami nimeizunguka wiki nne kama mtu anayeogopa mbwa wa jirani. Ulisema umemwandikia mdogo wetu maneno makali, kwa kuwa mimi nilikueleza kwamba alinificha ubovu wa lile gari, nami nikamuuzia mtu bila kujua. Ukasema yeye alikujibu kwa mstari mmoja, kwamba amekusikia na anaomba radhi kwa kukusumbua. Ndipo ukaniuliza: huyu mtoto aliyekuwa halali mpaka apange viatu vya nyumba nzima, ameanza lini utapeli, na kwa nini hajitetei? Nitakujibu. Ila niruhusu nianze mwanzo, maana barua yangu ya kwanza ilianzia katikati, na haikuanzia katikati kwa bahati mbaya.

Gari lenyewe hujaliona. Ni dogo, la michezo, viti viwili, paa la turubai linalokunjwa nyuma ya kichwa, rangi nyekundu iliyokolea. Nililinunua likiwa mabaki katika uwanja wa kampuni ya bima. Lori lilikuwa limeligonga ubavuni, na kampuni ikaliandika kuwa hasara kamili. Usiniulize mtu wa miaka hamsini na mbili, mwenye kitambi na maoni, alitaka nini na gari la namna hiyo. Kwa miaka ishirini nimewashambulia gazetini watu wazima wenye magari kama hayo. Nimewaita majina ambayo mhariri alilazimika kuyafuta. Lakini nilipoliona pale, limebonyea, majani yameota kwenye buti, nilijiambia kwamba mimi silinunui, ninaliokoa. Mtu aliyesoma sana hakosi neno la kujifichia.

Nikalipeleka kwa mdogo wetu. Unajua mafundi wenzake wanamwita Taratibu, wala si kwa kumsifu. Gari ambalo fundi bodi mwingine angelipaka puti, ule unga mweupe wa kuziba mibonyeo, akalipulizia rangi na kulirudisha kwa wiki mbili, yeye alikaa nalo miezi minane. Kila hatua aliipiga picha, na picha akazipeleka studio zikasafishwe, kwa kuwa anasema za kwenye simu hupotea na mteja husahau. Siku niliyokwenda kumharakisha alinikalisha juu ya ndoo ya rangi, akanieleza kwa subira kwamba gari la kawaida hushikwa na paa lake, lakini gari lisilo na paa la bati hushikwa na mbavu zake mbili za chini, zile zinazopita chini ya milango. Ukidanganya hapo, alisema, umelidanganya gari zima. Nikamwambia falsafa aniachie mimi, yeye apige nyundo. Akacheka, akaendelea kusugua mlango kwa msasa.

Gari likatoka linang'aa. Nililiendesha miezi mitatu, na sitakudanganya tena, nilifurahi. Kisha mchoraji wa katuni wa gazeti letu akanichora ndani yake, nywele zangu chache zikipeperuka, kipaza sauti mkononi, nikiwahubiria mafukara waridhike na kidogo. Akaibandika katuni hiyo kwenye mlango wa chumba cha habari. Wahudumu wa chai wakawa wananiuliza kama nywele zimerudi kwenye mstari. Wiki hiyohiyo nilikuwa najiandaa kuanza mfululizo wa makala dhidi ya anasa za wakubwa, na mhariri akaniambia kwa upole unaokera kwamba nichague, gari au makala. Nikachagua makala. Gari lilipaswa kuondoka kabla ya toleo la kwanza. Nilikuwa na siku tisa.

Tangazo la kuliuza nililiandika mwenyewe, na ni miongoni mwa maandishi yangu mazuri, Mungu anisamehe. Nilieleza bila kuficha kwamba gari liligongwa, kwamba liliandikwa hasara kamili, kwamba limejengwa upya na hata kadi yake inasema hivyo. Niliandika kwamba wauzaji wengine huifunika ajali kwa rangi, mimi naiweka mezani. Watu walinipigia simu, wengi wao si kwa kununua bali kwa kunipongeza. Mmoja alisema tukipata wauza magari kumi wa aina yangu, taifa hili litapona. Nikamjibu kwamba kumi hawatoshi.

Aliyenunua ni mkutubi mstaafu, mama mjane wa miaka sitini na kitu. Alikuja amevaa miwani ya jua na skafu imefungwa kichwani, tayari kwa upepo. Alisema kwa miaka thelathini na tano kazi yake ilikuwa kuwaambia watu wanyamaze, sasa anataka kitu chenye kelele. Alisema pia kwamba makala zangu anazikata na kuzitunza. Nikampa faili la picha za matengenezo, akalipokea kwa mikono miwili. Nilimuuliza kama angependa kuleta fundi wake alikague gari. Akasema asiponiamini mimi, atamwamini nani. Dada, hapo ningeweza kusema. Nilikuwa na muda wa kutosha, alikuwa bado anatafuta kalamu ya kutia sahihi.

Wiki ya tano alipata pancha. Fundi wa matairi akaweka jeki upande wa kushoto, akafungua gurudumu, na jeki ikazama ndani ya ubavu wa gari kama kidole kwenye mkate. Gari likaanguka. Lilimkosa yule fundi mkono kwa upana wa kidole. Mama alikuwa amekaa ndani, na mlango wake ukakataa kufunguka; walimtoa kwa juu, kama mtoto anayetolewa kwenye beseni.

Alikuja ofisini kwetu mwenyewe, akasimama mbele ya meza yangu, wenzangu wote wakisikia. Hakupaza sauti. Aliniuliza kama nilijua. Nami nikasimama, unanijua ninavyosimama, nikasema hata mimi nimedanganywa, kwamba fundi aliyelijenga ni ndugu yangu wa tumbo moja na simtetei ng'o. Yule mama akaniomba radhi kwa kunishuku. Mchoraji wa katuni akaniletea chai.

Ningeishia hapo, labda ningesamehewa. Lakini sikuishia. Niliandika makala. Jina la mdogo wetu sikulitaja, nilisema tu kwamba uozo wa mafundi wetu umeingia hadi nyumbani kwangu, na asiyeweza kumkemea ndugu yake hana haki ya kumkemea waziri. Mjini hapa kila mtu anajua ndugu yangu ni nani na karakana yake iko wapi. Barua za wasomaji zilijaa meza. Ile makala ndiyo niliyokutumia nikaipigia mstari. Na kampuni ya usafirishaji iliyokuwa ikimpa mdogo wetu magari yake yote ikaacha kuyapeleka. Wateja wengine walikuja kuchukua magari yao yakiwa nusu yamesuguliwa. Nilipita pale siku moja nikiwa ndani ya teksi. Uwanja ulikuwa mtupu, naye alikuwa anafagia mahali palipokwisha fagiliwa. Nikamwambia dereva asisimame.

Sasa, ningependa kukuandikia kwamba dhamiri iliniamsha. Hapana. Niliamshwa na penseli.

Yule mkutubi alikaa na faili lake nyumbani, na kwa kuwa kazi yake ilikuwa vitabu, alilikagua kama alivyokagua vitabu vinavyorudishwa, ukurasa kwa ukurasa. Akazigeuza zile picha. Nyuma ya kila moja mdogo wetu alikuwa ameandika namba kwa penseli, ndogo, kwenye kona. Mimi sikuwahi kuzigeuza. Nilizitazama upande wenye picha tu. Namba zilianza moja zikaishia arobaini na moja. Mama yule alinipigia simu akauliza, kwa sauti ileile ya maktaba, kama labda ya ishirini na tatu na ya ishirini na nne nilizisahau mahali.

Nilizitoa, dada. Mimi, kwa mikono yangu, mezani kwangu, asubuhi, nikiwa nimekunywa chai na akili zangu timamu. Picha hizo mbili zilionyesha ubavu wa kushoto. Mdogo wetu hakupata ubavu mzima wa gari la aina ile, aliagiza, ukachelewa. Akachomelea bati la muda ili niweze kulitembeza polepole hapa mjini wakati tunasubiri. Alinieleza kwa mdomo. Kisha, kwa kuwa ananifahamu, akaniandikia kikaratasi akakibana kwenye picha ya ishirini na tatu: hili bati ni la muda, kaka, usiliuze wala usisafiri nalo mpaka niubadilishe. Nilikisoma chote. Nikakitia kwenye droo pamoja na zile picha, nikavuta karatasi safi, nikaandika tangazo kwamba mimi sifichi. Niliungama lile kubwa ili nifiche lile dogo, na lile dogo ndilo lililokuwa limelibeba gari.

Kwa hiyo mdogo wetu hakunificha kitu. Mimi ndiye niliyemdanganya mkutubi, kisha nikamuuza ndugu yangu ili nisionekane, kisha nikakudanganya wewe. Wewe ulimwita mwizi wa nyumbani kwa sababu yangu.

Nilikwenda kwa yule mama nikamweleza nikiwa nimesimama mlangoni, kwa kuwa sikuona haki ya kukaa. Hela zake nimemrudishia zote, na gari limevutwa hadi nyuma ya nyumba yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza katika zile makala zangu nyingine ni zipi zimetolewa kurasa. Miaka ishirini nimejibu kila mtu, mawaziri, maprofesa, mashehe na maaskofu. Yeye nilimtazama viatu. Akasema nimtafutie jibu nikipata nafasi, akafunga mlango taratibu, kama wanavyofunga milango maktaba.

Makala ya kujikanusha nimekwisha mpa mhariri, yenye jina la mdogo wetu na sifa ya kazi yake. Itatoka Jumatatu. Ameniambia nisitegemee kwamba safu yangu itaendelea baada ya hapo, nami sikubisha.

Kisha nikaenda karakana. Nilikuwa nimeandaa hotuba, nilikuwa nimeifanyia mazoezi njiani. Mdogo wetu alikuwa chini ya pikipiki, kazi ndiyo hiyo aliyobaki nayo. Alinisikiliza akiwa amelala vilevile, nikawa naongea na miguu yake. Nilipofika kwenye makala ya Jumatatu alitoka, akajifuta mikono, akasema magazeti watu hufungia vitu sokoni. Akasema wateja watarudi au hawatarudi, hilo tena haliko mikononi mwangu. Akaniuliza kama nimekuandikia. Nikasema bado. Akasema basi nimekwenda kwake mapema.

Nikamuuliza kwa nini hakukueleza yeye ukweli, maana kumbe nakala za picha zote anazo, ya ishirini na tatu pamoja na nakala ya kile kikaratasi, ziko kabatini kwake. Angeweza kukutumia siku uliyomwandikia, na aibu hii yote ningeibeba miezi miwili iliyopita. Akasema alitaka kuona kaka yake atachukua muda gani. Akarudi chini ya pikipiki.

Hilo ndilo jibu la swali lako, kwa nini hajitetei. Alikuwa ananisubiri mimi nimtetee.

Sikuombi unisamehe kwa posta ya kurudi. Ninachoomba ni kwamba ukishaikunja barua hii, usinijibu mimi kwanza, mwandikie yeye. Mwambie unavyojua wewe, kwa maneno ya nyumbani, si ya kwangu. Mimi unaweza kuniweka kando mpaka hasira itulie, na isipotulia, nitajua sababu.

Wasalimie wote, na shemeji umwombe radhi kwa niaba yangu, maana ile makala najua aliisoma kwa sauti mbele ya wageni. Mke wangu anakusalimu. Naye nimemweleza jana, na tangu jana tunaongea kuhusu bili ya maji tu.

Bahasha hii sijaifunga. Nitaipitisha karakana kabla ya kwenda posta, nimpe aisome, kwa kuwa nimekwisha kumwandika mara moja bila yeye kujua na inatosha. Mikono yake siku zote ina vumbi jeupe la puti. Ukiliona kwenye pembe za karatasi, ujue ameisoma na ameridhika iende. Karatasi ikikufikia safi, dada, usiamini neno hata moja humu.

Ni mimi mdogo wako,
yule uliyemwita Wakili tangu hajaota meno yote.